Udaktari wa Kisheria: Ushahidi Ulio Mwilini na Jinsi ya Kuulinda

Tuseme ni saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret hapa Timboroa. Ukungu haujainuka. Mama anayepeleka maziwa anamwona mwanamume amelala mtaroni. Hana shati, kiatu kimoja kiko mbali naye, na usoni ana damu iliyoganda. Amekufa. Baada ya nusu saa umati umekwisha jaa. Mmoja anasema amegongwa na lori usiku. Mwingine anasema hapana, marehemu alikuwa na ugomvi wa shamba na jirani yake, na jirani huyo anajulikana. Wa tatu anasema jana usiku walikuwa pamoja kwenye pombe, na marehemu aliondoka akiyumba.

Maneno hayo matatu ni kesi tatu tofauti. Likiwa ni la kwanza, polisi wanamtafuta dereva aliyetoroka. Likiwa la pili, ni mauaji. Likiwa la tatu, huenda hakuna mkosaji kabisa. Na jirani aliyetajwa yuko hatarini tangu dakika hiyo, kwa sababu umati uliokwisha kuamua hausubiri ripoti ya mtu. Tumesikia mara nyingi nchini mwetu nyumba zikichomwa kwa kifo ambacho hakuna aliyekichunguza.

Mtu wa kutenganisha maneno hayo matatu ni daktari. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa udaktari wa kisheria, yaani elimu ya tiba inapotumika kujibu maswali ya polisi na mahakama. Wengi wakisikia hivyo hufikiria mochari tu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa watu walio hai: aliyepigwa, aliyebakwa, mtoto ambaye umri wake unabishaniwa, dereva anayedaiwa kulewa, mfanyakazi aliyekatwa vidole na msumeno. Huduma za afya za kaunti, pamoja na mochari na makaburi ya umma, ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Polisi na mahakama ni za serikali ya kitaifa. Kwa hiyo jeraha moja hupitia mikono ya pande zote mbili, na mwananchi akijua njia hiyo hatapotezwa katikati.

Baridi ya huku juu

Turudi mtaroni. Swali la kwanza la polisi ni: alikufa saa ngapi? Daktari hana saa ya kumwonyesha, ila mwili wenyewe una dalili tatu.

Ya kwanza ni joto. Mtu aliye hai ana nyuzi 37 hivi, na akifa mwili hupoa polepole mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Ya pili ni ugumu wa viungo. Huanza kwenye taya na shingo baada ya muda wa saa 2 hadi 4 hivi, ukaenea mwili mzima kwa muda wa kama saa 12, kisha ukalegea tena. Ya tatu ni damu. Moyo ukisimama, damu huteremka kwa uzito wake hadi upande wa chini wa mwili na kuacha mabaka ya rangi ya zambarau, ambayo baada ya saa kadhaa hayahami tena. Mtu akikutwa amelala chali huku mabaka yakiwa kifuani, daktari anajua kwamba alifia katika hali nyingine na kuna aliyemgeuza au kumhamisha.

Hizo ndizo kanuni za vitabuni. Lakini Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huku si usiku wa Kisumu. Mwili hupoa haraka zaidi, na ugumu wa viungo huchelewa kuja na kuchelewa kuondoka. Daktari anayekadiria saa ya kifo lazima ajue mwili ulilala wapi, juu ya nini, ukiwa na nguo gani na hewa ilikuwaje. Watu wakiwa wameshaubeba hadi varanda ya duka au kuufunika blanketi nzito kwa heshima, makadirio hayo yanaharibika. Na hata pakiwa hapajaguswa, daktari mwaminifu hutaja kipindi cha saa kadhaa. Anayetaja dakika, mtilie shaka.

Shati lililovuliwa nalo lina habari yake. Umati ukimwona mtu nusu uchi hudhani ameporwa, na akiwa mwanamke, amebakwa. Huenda ni kweli. Lakini madaktari wanajua jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mtu anayekufa kwa baridi, akili yake ikishavurugika, anaweza kuhisi joto kali lisilokuwepo na kuanza kuvua nguo mwenyewe. Pombe huzidisha hatari hiyo. Hufungua mishipa ya ngozi, mlevi akajiona ana joto huku mwili wake ukipoteza joto lote kwa hewa ya usiku. Akipasuliwa, mara nyingi hukutwa na madoa madogo meusi kwenye utando wa ndani wa tumbo la chakula. Damu na mkojo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali kupima kiwango cha pombe na kuangalia kama kuna sumu.

Aliyegongwa na gari ana dalili nyingine. Miguu yake huvunjika kwenye kimo cha bampa, ngozi ina michubuko ya kuburutwa, na nguo zimeshika chembe za rangi au vioo vinavyoweza kulinganishwa na gari likikamatwa. Aliyepigwa huumia mikononi, kwa sababu kila mtu hukinga uso anapoona fimbo inakuja. Fimbo ya mviringo yenyewe huacha alama inayojulikana, mistari miwili myekundu iliyo sambamba na weupe katikati.

Kwa hiyo nguo zilizotupwa, kiatu kilichookotwa na damu iliyopanguswa usoni si uchafu wa kuondolewa. Ukimkuta mtu hivyo, hakikisha kwanza kama anapumua. Akiwa na dalili yoyote ya uhai, kuokoa maisha kunatangulia ushahidi wote, mpeleke hospitali. Akiwa amekufa, zuia watu, mwache alivyo, piga simu polisi au kwa chifu, na usimpige picha za kusambaza kwenye WhatsApp. Aliyejinyonga naye ni hivyo hivyo: ikibidi kumkata kamba kwa sababu huenda yu hai, kata mbali na fundo. Fundo lenyewe na alama ya kamba shingoni ndivyo vinavyomwambia daktari kama mtu alijining'iniza au alinyongwa kwanza kisha akatundikwa.

Pale maelezo yanapokataliwa na mwili

Mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka ni wa Juni 2025, Albert Ojwang alipofariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu jijini Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wanapatholojia wakiongozwa na Dkt. Bernard Midia wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka hata na asiye daktari. Anayejigonga ukutani huumia upande wa mbele, lakini damu ilikuwa imevilia usoni, ubavuni na nyuma ya kichwa. Baadaye maafisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji.

Hapa kwetu Uasin Gishu kulikuwa na kesi ya Edwin Chiloba, ambaye mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la chuma eneo la Kapseret mwanzoni mwa Januari 2023. Uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari. Upasuaji uliofanywa Eldoret na Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali, Dkt. Johansen Oduor, ulionyesha kwamba alikufa kwa kukosa hewa baada ya kuzibwa mdomo na pua. Kesi ikasikizwa katika Mahakama Kuu ya Eldoret, na Desemba 2024 mshtakiwa akahukumiwa miaka 50 gerezani.

Ripoti yenyewe nayo yaweza kuchezewa. Mwingereza Julie Ward aliuawa Maasai Mara mwaka 1988. Daktari wa polisi aliyechunguza mabaki yake, Adel Shaker, aliandika kwamba yalikatwa kwa kitu chenye makali. Mkuu wake, Jason Kaviti, akabadilisha maneno ya ripoti hiyo, na maneno mapya yakaafikiana na dai kwamba aliliwa na wanyama wa porini. Ilibidi baba yake apigane mpaka mwaka 1989, ndipo uchunguzi wa mahakama ukasema wazi kuwa aliuawa. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Ukipewa nakala ya ripoti, isome, uliza maana ya kila neno, na uihifadhi.

Kwa walio hai: fomu ya P3

Ukipigwa au ukijeruhiwa kwa kosa la mtu, unaripoti kituoni, unapewa nambari ya OB, kisha fomu ya P3. Fomu hiyo hutolewa na polisi bila malipo. Sehemu yake moja hujazwa na polisi, na nyingine na daktari au afisa wa kliniki. Ukiwa umeumia sana, nenda hospitali kwanza. Hakuna sheria inayosema uendelee kuvuja damu ukisubiri karatasi.

Watu wengi huiona P3 kama risiti tu. Kumbe ndiyo inayoamua uzito wa shtaka. Daktari hutakiwa kusema jeraha liko katika kundi gani: madhara, madhara makubwa, au kulemazwa kiungo. Chini ya Kanuni ya Adhabu, shambulio lililosababisha madhara ya mwili lipo kwenye kifungu cha 251, na adhabu yake haizidi miaka 5. Madhara makubwa yako kwenye kifungu cha 234, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kati ya miaka 5 na maisha kuna neno moja la daktari, na neno hilo linategemea alichokiona siku ile. Uvimbe hupungua na michubuko hubadilika rangi. Aliyekaa nyumbani wiki mbili akisuluhishwa na wazee, kisha suluhu ikavunjika, hufika kwa daktari akiwa na kovu dogo na hadithi ndefu.

Mweleze daktari kila kitu: ulipigwa na nini, mara ngapi, wapi, na kama ulizimia. Daktari akiandika tu kwamba mgonjwa ana jeraha, hakimu hana la kushika. Ripoti nzuri hutaja aina ya jeraha, ukubwa wake, mahali lilipo, umri wake na chombo kinachoweza kulisababisha. Una haki ya kumwomba aandike hivyo, na kumwomba kwa adabu si kumfundisha kazi.

Kumbukumbu za hospitali zina kazi nyingine pia. Kwa sheria yetu, mtu haesabiwi kuwa amemuua mwenzake endapo kifo kimetokea baada ya mwaka mmoja na siku moja. Aliyepigwa Januari na kufariki wodini Juni bado anaweza kuwa ameuawa na kipigo kile, lakini ni daktari atakayelazimika kuunganisha kamba hiyo bila kuiacha ikatike, kuanzia siku ya kulazwa. Vivyo hivyo kwa majeruhi wa ajali za barabara hii yetu wanaodai fidia. Wana muda wa miaka 3 kufungua kesi, na bila rekodi za siku ya ajali wakili hana pa kuanzia.

Dhuluma za kingono

Hapa ndipo saa zinapohesabika zaidi. Aliyebakwa au aliyenajisiwa afikishwe hospitali mara moja, hata kabla ya polisi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Za kuzuia mimba huweza kutolewa hadi saa 120. Matibabu haya katika hospitali za umma hayalipiwi. Hospitali hujaza fomu maalumu ya huduma baada ya ubakaji, na baadaye P3 hujazwa kwa kuitegemea.

Asioge, asisafishe sehemu za siri, asibadilishe nguo ikiwezekana. Akiwa amebadilisha, nguo za awali zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi, hata gazeti au mfuko wa kaki. Mfuko wa plastiki hufanya unyevu uozeshe ushahidi. Akishaoga, asivunjike moyo, aende tu. Mama anayemwogesha mtoto wake hufanya hivyo kwa upendo, na hakuna haja ya kumlaumu juu ya machungu aliyo nayo.

Kuna dhana moja inayoumiza watu: kwamba daktari asipokuta jeraha, hakuna kilichotendeka. Si kweli. Wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana, hasa wakichelewa kufika. Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari si mwisho wa kesi, kwa kuwa kosa laweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa aliyetendewa na mazingira yake. Vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vinaweza kuamriwa na mahakama chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, lakini si sharti la kila kesi.

Umri wa mtoto nao ni jambo la daktari pale pasipo na cheti cha kuzaliwa. Sheria hiyo inatoa kifungo cha maisha kwa anayenajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 akiwa wa 12 hadi 15, na kisichopungua 15 akiwa wa 16 hadi 18. Daktari hukadiria kwa meno na picha za mifupa, na makadirio hayo yanaweza kupishana na ukweli kwa mwaka mmoja au miwili. Pengo hilo linatosha kubadilisha adhabu. Ndiyo maana kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto mapema kuna faida ambayo mzazi haifikirii siku ya furaha.

Na hili lisemwe wazi: kesi ya namna hii haimalizwi kwa mbuzi wala kwa faini ya baraza la wazee. Uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazee wetu wana hekima na heshima yao katika mambo mengi. Hili halimo. Nambari ya simu 1195 hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto.

Mazishi na upasuaji

Familia nyingi hukataa upasuaji wa maiti, wengine kwa dini, wengine kwa mila, wengine kwa kuogopa gharama na kucheleweshwa. Tunaelewa. Lakini kifo cha ajali, cha kujiua, cha kipigo au cha ghafla kisichoelezeka hakiishii kwa chifu. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai, vifungu vya 385 hadi 388, zinawataka polisi wakichunguze, na hakimu anaweza kufungua uchunguzi wa kifo mahakamani. Mwili ukiwa umezikwa kwa haraka, hakimu ana mamlaka ya kuamuru ufukuliwe. Kufukua ni uchungu mara mbili, na miezi ikipita, mengi ambayo nyama ingesema yamekwisha potea, yakabaki ya mifupa.

Siku ya upasuaji jamaa huitwa kuutambua mwili mbele ya polisi. Familia inaweza kumleta daktari wake ashuhudie. Ni vizuri kufanya hivyo panapokuwa na shaka, kwa sababu madaktari wawili waliosimama kwenye meza moja ni vigumu kupingwa baadaye. Sampuli zinazochukuliwa hutiwa muhuri na kuandikwa jina la kila anayezipokea, kutoka mochari hadi maabara. Wakili wa utetezi huanzia hapo kuuliza maswali, na karatasi moja ikikosekana, kesi nzima huyumba.

Mahakamani daktari ni shahidi, si hakimu. Jaji husikiliza maoni yake pamoja na ushahidi mwingine na anaweza kuyakataa akitoa sababu. Kwa hiyo mama wa maziwa, aliyemwona marehemu wa kwanza na kukumbuka alivyolala na kiatu kilikuwa wapi, ana nafasi yake kizimbani sawa na mwenye digrii.

Na yule wa mtaroni? Ikiwa miguu yake ni mizima, mikono haina alama ya kujikinga, damu ya usoni imetoka kwenye mchubuko mdogo wa kuanguka, tumboni mna madoa meusi na Mkemia ameleta kiwango kikubwa cha pombe, polisi watafunga jalada lao kwa kifo cha baridi. Familia itapewa mwili na kibali cha mazishi. Jirani wa ugomvi wa shamba atakuja matangani kama wengine, akae kwenye benchi na kupewa chai.